Pikipiki Ikilia Vingine, Tusikilize Mbele ya Kulipa

Wamama wapendwa, katika nyumba nyingi za Bukavu pikipiki ndiyo shamba letu. Inaleta unga, minervali ya watoto na dawa. Ikisimama wiki moja, sufuria nayo inasimama. Lakini injini haifi mara moja. Inalia kwanza, na sisi tunaoishi nayo kwenye parsele tunaisikia kila asubuhi.

Tuanze na kujua sauti inatoka wapi. Tusimamishe pikipiki, tutoe gia, tuache injini ikitembea. Kelele ikiendelea, shida iko katika injini. Ikisikika tu wakati pikipiki inakwenda, tuangalie mnyororo, magurudumu na breki. Mnyororo uliolegea ni kazi ndogo: unakazwa na kutiwa mafuta.

Tik-tik nyembamba juu ya injini. Mara nyingi ni supapi zinazotaka kurekebishwa. Lakini kwanza tupime mafuta ya injini, pikipiki ikiwa wima mahali tambarare. Pikipiki za 125 hubeba karibu lita moja tu. Yakipungua, chuma kinasaga chuma.

Kra-kra ubavuni. Inaweza kuwa mnyororo mdogo wa ndani umelegea. Ukiruka meno, pistoni itagonga supapi, na bei itapanda sana.

Kama misumari ndani ya kopo, wakati wa kupanda Kadutu na mzigo. Huenda injini imepata joto kupita kiasi, au esansi ni mbaya. Ile ya chupa za makadhafi, ikiwa imechanganywa na petroli ya taa, inaleta kelele hiyo. Tubadilishe mahali pa kununua mbele ya kufungua injini.

Ko! ko! ko! nzito kutoka chini. Hii haingoji kesho. Yaweza kuwa biele imechakaa. Tuzime hapo hapo na tusukume. Ikivunjika njiani, gurudumu la nyuma linaweza kukwama ghafla, na dereva na abiria wakaanguka.

Kwa fundi tuseme wazi: kelele ilianza lini, inasikika injini ikiwa baridi ao ikiwa na joto, inabadilika tukikamata ambrayaje? Fundi mwenye kujua kazi atasikiliza mbele ya kufungua. Na kipande atakachobadilisha, tuombe kile cha zamani tukione kwa macho.

Neno la mwisho ni letu sisi wenye pikipiki tunazopatia wamotari. Kijana akija kusema anasikia mlio, tusimkamate shingo kwa pesa ya siku ile. Anayeogopa deni ataficha sauti mpaka injini ikufe, na hapo tutalipa sisi. Pesa ya siku moja ikikosekana, itapatikana kesho. Mtoto wa mwenzetu akianguka, hatuna duka la kumnunua mwingine.