Kutoka Mapokezi hadi Kwenye Kioo: Usimamizi wa Televisheni za Lugha Nyingi Katika Vyumba vya Hoteli na Nafasi ya Kiswahili Zanzibar

1.0 Utangulizi

Mgeni anapofungua mlango wa chumba chake katika hoteli kubwa ya Kiwengwa, Nungwi au Mji Mkongwe, mara nyingi hukuta televisheni imekwisha kuwaka ikimngoja. Kioo humsalimu kwa jina, humtajia saa za kifungua kinywa na nywila ya intaneti, kisha humwonyesha chaneli alizoandaliwa. Lugha ya salamu hiyo si jambo la bahati. Imeamuliwa kabla hajapanda ngazi, na aghalabu imeamuliwa na mtu ambaye hakujua kwamba anaamua jambo lolote la lugha.

Makala haya yanafafanua jinsi uamuzi huo unavyofanyika, mahali unapokosewa, na sababu zinazofanya Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mahali penyewe, kiwe miongoni mwa lugha zinazohudumiwa vibaya zaidi na mifumo hii. Hoja inayotetewa ni kwamba kasoro nyingi zinazohesabiwa kuwa za mitambo, au za mfasiri asiyejua kazi yake, hutokana na dhana moja: kwamba lugha ni lebo inayobandikwa juu ya mfumo uliokwisha kukamilika. Kwa lugha zinazofanana kimuundo na Kiingereza dhana hiyo huweza kupita bila madhara makubwa. Kwa Kiswahili, kama itakavyoonekana katika sehemu ya nne, inaweza kumpotezea mgeni safari yake.

Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamivu, mwandishi alifanya kazi mapokezi na baadaye katika kitengo cha ufundi cha hoteli. Mifano ya matukio iliyomo humu inatokana na miaka hiyo. Majina ya hoteli na ya watu yameachwa kwa makusudi.

2.0 Njia inayopitiwa na lugha

Mfumo wa kawaida una pande tatu. Upande wa kwanza ni programu ya usimamizi wa hoteli, ile inayotunza nafasi zilizowekwa, vyumba na malipo. Upande wa pili ni seva ya televisheni, inayotunza menyu, picha, orodha za chaneli na ujumbe wa hoteli. Upande wa tatu ni televisheni yenyewe, ama ikiwa na king'amuzi pembeni, ama ikiwa ya aina iliyoundwa mahususi kwa hoteli na yenye king'amuzi ndani yake. Karani wa mapokezi anapomwingiza mgeni, programu ya kwanza hutuma kwa seva ujumbe mfupi wenye namba ya chumba, jina la mgeni, tarehe za kuwasili na kuondoka, na msimbo wa lugha. Seva husoma msimbo huo, huchagua faili la maneno linalolingana nao, na kuiamuru televisheni ya chumba husika ijichore upya.

Swali la msingi ni hili: msimbo huo umetoka wapi? Kitabu cha wageni huandika uraia kwa sababu mamlaka zinauhitaji. Hakuna mamlaka inayodai lugha. Kwa hiyo kisanduku cha lugha ama huachwa kitupu, ama hujazwa na programu yenyewe kwa kukisia kutokana na pasipoti. Ukisiaji huo unamtosha Mwitaliano wa Kiwengwa. Haumtoshi Mswisi, ambaye nchi yake ina lugha nne za taifa, wala Mbelgiji mwenye tatu. Na kwa Zanzibar kuna mfano ulio karibu nasi zaidi. Wapo raia wa Oman ambao wazazi au mababu zao waliishi Unguja, Pemba au pwani ya bara, na Kiswahili bado ni lugha ya nyumbani mwao huko Muscat. Mgeni wa namna hiyo, aliyekuja kuzuru makaburi ya wazee wake na kuonana na jamaa, hupewa kioo cha Kiarabu chenye menyu iliyogeuzwa kuanzia kulia. Mfumo haukukosea kuhusu uraia wake.

Mgeni Mtanzania naye ana mkasa wake. Mwandishi aliwahi kukabidhiwa mfumo ambao faili la Kiswahili lilikuwapo, limetafsiriwa na kulipiwa, lakini kwa muda mrefu halikuwahi kuonekana chumbani hata mara moja. Chanzo kilikuwa msimbo. Viwango vya ISO 639 vinakipa Kiswahili misimbo miwili: ule wa herufi mbili, sw, na ule wa herufi tatu, swa. Programu ya hoteli ilituma mmoja, seva ikasubiri mwingine. Seva ilipokosa mlingano ilirudi kwenye Kiingereza bila kutoa taarifa ya kosa, na kwa kuwa wageni wa Kitanzania hawakulalamika, uongozi ulihitimisha kwamba hawakihitaji Kiswahili. Hapa mtafiti anapaswa kuwa mwangalifu: takwimu za matumizi ya lugha zinazotolewa na mifumo hii hupima kile ambacho mfumo uliruhusu kionekane. Haziwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha mahitaji.

Tiba ya hatua hii si ghali. Kioo cha kwanza kimwulize mgeni mwenyewe, kila lugha ikiandikwa kwa jina lake lenyewe na si kwa bendera, maana ni bendera ya nani itakayosimama badala ya Kiswahili, au badala ya Kiarabu? Chaguo la mgeni litawale rekodi ya mapokezi, limfuate akihamishwa chumba, na lifutwe anapoondoka.

3.0 Menyu na chaneli ni mambo mawili

Wasimamizi wengi huamini kwamba wakishatafsiri menyu, wamemaliza kazi. Lakini lugha ya menyu iko mikononi mwa hoteli, ilhali lugha ya chaneli iko mikononi mwa mrushaji matangazo. Katika matangazo ya dijitali kila njia ya sauti na kila manukuu huweza kubeba msimbo wa herufi tatu, na televisheni huufuata msimbo huo kuchagua sauti. Mrushaji akiuacha wazi, au akaandika kwamba lugha haijabainishwa, televisheni haina namna ya kujua kwamba sauti ya pili ni Kiswahili. Fundi wa hoteli anayepokea mawimbi kwa ungo na kuyasambaza vyumbani kwa kebo au kwa mtandao anaweza kusahihisha lebo hizo kwenye mtambo wake mkuu. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa na kusikiliza kila chaneli, jambo ambalo ratiba za ufundi hazilipi nafasi.

4.0 Tatizo la saa

Hili ndilo eneo lenye madhara makubwa kuliko yote, na ni ajabu kwamba miongozo ya mifumo hii aliyoisoma mwandishi haikuligusa.

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa macheo na machweo, na hutofautiana na saa ya kimataifa kwa saa sita. Kila mzungumzaji wa pwani hufanya hesabu hiyo bila kufikiri: akiona 07:00 kwenye simu yake, husema saa moja. Tarakimu zikiwa peke yake hazimsumbui. Usumbufu huanza pale neno «saa» linapotangulizwa mbele ya tarakimu, kwa sababu neno hilo humwingiza msomaji katika hesabu ya Kiswahili. Faili la maneno hutengenezwa likiwa na nafasi wazi ambamo seva hupachika wakati, na mfasiri, akifanya alichoombwa, huandika «saa» kabla ya nafasi hiyo. Hivyo kifungua kinywa cha 07:00 hadi 10:00 hutangazwa kuwa saa 7:00 hadi saa 10:00, yaani alasiri yote. Muda wa kukabidhi chumba, 11:00, huwa saa 11:00, na mgeni huelewa kwamba ameruhusiwa kukaa hadi saa kumi na moja jioni. Akija mapokezi wakati huo hudaiwa malipo ya siku ya pili, na ushahidi wake ni kioo cha hoteli yenyewe.

Mwandishi alishuhudia tukio zito zaidi. Mzee mmoja kutoka bara, aliyelala Mji Mkongwe ili apande boti ya asubuhi kurudi Dar es Salaam, aliitumia televisheni kuomba aamshwe. Kioo kilimwuliza kwa Kiswahili fasaha: «Ungependa kuamshwa saa ngapi?» Akabonyeza 11:00, akimaanisha saa kumi na moja alfajiri. Boti ilikuwa imeshaondoka, na jua limekwisha kupanda, televisheni ilipomwamsha saa tano. Alikuwa na miadi ya hospitali siku hiyo. Uchunguzi wa ndani uliandika kwamba mgeni alikosea kutumia mfumo. Kwa maoni ya mwandishi, mgeni alijibu swali sahihi kabisa kwa lugha aliyoulizwa, na aliyekosea ni aliyeamini kwamba kutafsiri swali kunatosha bila kutafsiri namna jibu litakavyosomwa.

Tatizo hili haliondolewi kwa kubadilisha mfasiri. Hazina ya CLDR ya shirika la Unicode, ambayo programu nyingi duniani huitumia kupanga tarehe na saa, ina majina ya vipindi vya siku kwa Kiswahili kama vile alfajiri, asubuhi, jioni na usiku, lakini tarakimu ya saa hubaki ile inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo hesabu ya saa sita lazima iandikwe na mwunda mfumo mwenyewe, au ikwepwe. Njia iliyofaulu katika majaribio madogo ya mwandishi ni kutumia zote mbili: tarakimu zisimame bila neno «saa», kisha maneno yafuate pembeni, kwa mfano «05:00, yaani saa kumi na moja alfajiri». Mgeni anapoomba kuamshwa, kioo kimrudishie ombi lake kwa namna hiyo na kumtaka athibitishe.

Siku nazo zina mtego wake, ingawa mdogo. Kwa hesabu ya pwani usiku hutangulia mchana wake, hata usiku wa Ijumaa kwa wazee wengi ni ule unaoanza Alhamisi jua likitua. Tangazo la taarabu «usiku wa Ijumaa» linaweza kuwaleta watu ukumbini siku moja kabla. Tarehe iandikwe.

5.0 Upatanisho wa kisarufi

Faili za maneno huundwa kwa kuchukulia kwamba neno moja linaweza kutumika popote. Neno la Kiingereza lenye maana ya kupatikana huandikwa mara moja, kisha huitwa na mfumo kwa ajili ya chakula, gari, chumba na mhudumu. Kiswahili hakiruhusu hilo: chakula kinapatikana, gari linapatikana, mhudumu anapatikana, vyumba vinapatikana. Programu huuliza tu kama idadi ni moja au zaidi, na haiulizi ngeli. Mfasiri aliyepewa orodha ya maneno bila picha ya kioo hulazimika kubahatisha, na matokeo yake ni Kiswahili cha «chakula inapatikana», ambacho wageni hukicheka na wahudumu hukionea haya. Ni jambo la kusikitisha zaidi kwa kuwa, kimaandishi, Kiswahili ni lugha rahisi mno kwa kioo: hakina alama za juu ya herufi, hakihitaji fonti ya pekee, wala hakigeuzi upande wa kusomea. Suluhisho ni kuandika sentensi nzima kwa kila matumizi, hata ikiwa orodha itarefuka, na kumpa mfasiri nafasi ya kuziona katika kioo halisi kabla hazijafika vyumbani.

6.0 Kuondoka na dharura

Mambo mawili yamebaki. La kwanza ni ujumbe wa kuondoka. Usipofika kwenye seva, mgeni anayefuata husalimiwa kwa jina la aliyetangulia, na huweza kukuta akaunti zake za filamu zikiwa wazi. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, hoteli haiwezi kuliona hilo kuwa aibu ndogo ya kiufundi.

La pili ni ujumbe wa dharura. Mifumo mingi ina uwezo wa kukatiza chaneli zote na kuonyesha onyo katika kila chumba kwa wakati mmoja. Onyo hilo lisitegemee msimbo wa lugha hata kidogo, kwa kuwa tumeona jinsi msimbo unavyokosea. Lionyeshwe kwa pamoja katika lugha ya mgeni, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa sentensi fupi zilizotafsiriwa na kuhakikiwa mapema. Kabla ya kuingizwa kwenye seva, maneno ya Kiswahili yasomwe kwa sauti mbele ya wahudumu wa vyumba na walinzi wa zamu ya usiku, nao waulizwe wameelewa watoke kwa mlango upi, maana ndio watakaokuwa wakigonga milango ya wageni wakati kioo kikiwaka.