Mbele ya kungojea tiyo mpya

Kila kiangazi, swali linarudi katika koperativi za Likasi: Regideso italeta tiyo mpya lini? Tunaelewa. Lengalenga haingoji mtu. Lakini maji ya kuongeza yanaomba pampu, pampu nayo inaomba umeme, na umeme wa Mwadingusha, tangu 1930, unatoka katika maji ya Lufira. Robine ikivuja usiku kucha, mji unapoteza vyote viwili.

Miaka ya 1980, mji wa Boston, Marekani, ulipanga kuvuta maji ya mto mwingine. Wakatafuta kwanza tiyo zinazovuja, wakazitengeneza. Ule mto wakauacha.

Kwetu tuanzie shambani. Ukimwagilia saa sita ya muchana, jua linakunywa mbele ya mboga. Mwagilieni asubuhi mapema ao jioni, karibu na shina. Kisha funikeni udongo na majani makavu, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina, sababu litaoza. (Wale wanaochoma majani yote mwezi wa Juni, jamani, muache kidogo!)

Na paa? Mvua ya milimita 25 juu ya mabati ya metre 8 kwa 5 inatoa karibu lita 1000, ni bidoni 50. Yale maji ya kwanza yaachwe yaende na vumbi. Tanki ni bei, kweli. Koperativi inunue moja, ijazwe na mvua za mwisho za Aprili. Haitamaliza kiangazi. Lakini kitalu cha nyanya kikikunywa bidoni moja kwa siku, miche inafika kupandwa mbele tanki haijakauka.