Suzana Alitoka Mtoni

Taja jina Suzana polepole, usikilize konsonanti zake. Ni za kale kuliko Biblia.

Wamisri wa kale waliliita yungiyungi seshen. Irabu hizo ni za kukisia tu, kwa sababu maandishi yao hayakuandika irabu; kilichosalia ni s, sh na n. Ua lenyewe, la samawati, lilielea kwenye maji ya Nile: hufumbuka asubuhi, mchana hujifumba, kesho hufumbuka tena. Ndiyo maana walilihusisha na kuzaliwa kwa jua.

Neno hilo likaenea kwa njia zaidi ya moja. Kiebrania kikapata shoshana, ua na jina la binti. Kigiriki hakina sh, basi Shoshana akawa Sousanna, na kwa sauti hiyo yumo katika Injili ya Luka, miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Wafaransa, ambao s ikikaa katikati ya irabu huitamka z, wakapata Suzanne. Kwa Wapolandi z moja haikutosha: Zuzanna. Waingereza wakamkata mkia akabaki Susan. Waarmenia wana Shushan, na sh yao ipo palepale. Kwetu Suzana ametulia bila taabu, maana Kiswahili hupenda kila silabi iishie kwa irabu.

Njia nyingine ni ya Kiarabu: sausan, ambalo nalo ni jina la wasichana. Waarabu walipotawala Hispania, as-susana yao iliingia katika Kihispania ikawa azucena. Kwa hiyo Susana na Azucena wanaweza kuketi dawati moja huko Hispania, ndugu wa tumbo moja wasiojuana.

Sauti imetunzwa kuliko ua. Azucena si ua la majini, ni yungi la bustanini. Israeli ya leo, ukimwambia muuza maua shoshana, huenda akakupa waridi. Nao waliotafsiri Wimbo Ulio Bora kwa Kiswahili, mahali pa shoshana waliandika nyinyoro. Ni neno zuri, lakini kwa asili ya jina hili, mimi ningempa Suzana yungiyungi.

Tena halihitaji kuagizwa Misri. Yungiyungi la samawati la Nile, Nymphaea caerulea kwa jina la kitaalamu, huota lenyewe katika madimbwi ya Afrika Mashariki. Ukitaka kuliona limefumbuka, nenda asubuhi.