Disneyland Paris na watoto: tarehe unayochagua ndiyo inaokoa feza na siku yako

Kwetu Kivu, mtu akisema parki, wengi wanawaza Virunga ao Kahuzi-Biega: msitu, gorila na walinzi. Lakini katika nyumba za Wakongomani wanaoishi Bruxelles, Liège, Lille ao Paris, neno hilo lina maana ingine kwa watoto. Kwao parki ni Disneyland, na swali ni lile lile kila mwaka: tutaenda lini?

Mzazi anayejibu haraka anaweza kujuta. Chukua mfano wa jamaa ya watu tano: baba, mama, kijana wa miaka 13, binti wa miaka 8 na mtoto wa miaka 2. Wameweka feza kidogo kidogo mwaka muzima, huku wakiendelea kutuma msaada nyumbani kwa minervali ya watoto wa ndugu. Wakifika siku mbaya, wanaweza kusimama saa moja na nusu kwa mchezo wa dakika tatu, mvua ikiwanyeshea, na jioni wamepanda michezo ine tu. Jamaa ingine imekuja siku ingine, pengine imelipa kidogo kuliko wao, na imepanda kumi. Mara nyingi kinachotofautisha hizo jamaa mbili ni kalenda tu.

Parki mbili kando kando

Disneyland Paris ilifunguliwa tarehe 12 mwezi wa ine 1992, wakati ule ikiitwa Euro Disney. Iko Marne-la-Vallée, kilomita 32 mashariki ya Paris. Parki ya pili ilifunguliwa kando yake mwaka wa 2002, kwa jina la Walt Disney Studios. Parki ya kwanza peke yake inapokea watu zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Watu hao hawagawanyike sawa sawa kwa siku zote: kuna siku unatembea bila kusukumana, na kuna siku hata kupata kiti cha kulia chakula ni vita.

Bei nayo inafuata watu. Tiketi inauzwa kwa tarehe. Siku ya watu wengi, mtu mzima anaweza kulipa zaidi ya Euro 100, na siku ya watu kidogo bei inashuka sana. Kwa hiyo kalenda ya bei ya parki ni mshauri wa kwanza: mahali bei iko chini, ndipo wenyewe wanangojea watu kidogo.

Angalia pia umri. Mtoto wa chini ya miaka 3 haingie kwa kulipa. Kuanzia miaka 3 mpaka 11 analipa bei ya mtoto. Akifikisha 12, analipa kama mtu mkubwa. Jamaa ya mfano wetu italipa basi tiketi tatu za watu wakubwa na moja ya mtoto. Kama mtoto wako anatimiza miaka 3 ao 12 karibuni, kwenda mbele ya siku yake ya kuzaliwa kunaweza kupunguza gharama.

Soma kalenda mbili za masomo

Ufaransa imegawanya shule zake katika zoni tatu: A, B na C. Lyon iko katika zoni A, Lille katika zoni B, Paris katika zoni C. Likizo za Watakatifu Wote na za Noeli ni za zoni zote pamoja. Lakini likizo za baridi, katika mwezi wa pili na wa tatu, na zile za mwezi wa ine, zinapishana: kila zoni ina wiki mbili, na zoni zinafuatana kwa tofauti ya wiki moja. Maana yake, katika wiki ine hizo, wiki ya kwanza na ya mwisho kuna zoni moja tu iliyo likizoni. Wiki mbili za katikati, zoni mbili zinakutana, na parki inajaa.

Kwa jamaa ya Lille ao Lyon, shauri ni kutafuta siku za likizo yenu ambazo watoto wa Paris bado wako darasani. Wakaaji wa Paris na viunga vyake ndio walio karibu na mlango, na wakiwa na nafasi wanakuja wengi.

Kwa wale wa Ubelgiji, kuna nafasi ambayo wazazi wengi hawajaitumia. Tangu mwaka wa masomo 2022-2023, shule za lugha ya Kifaransa katika Ubelgiji zimebadilisha kalenda: karibu wiki saba za masomo, kisha wiki mbili za kupumzika. Likizo yao ya masika sasa inaangukia kwenye mwisho wa mwezi wa ine na mwanzo wa mwezi wa tano. Wakati huo, sehemu kubwa ya watoto wa Ufaransa imerudia masomo, ao inarudia. Shule za Kiflamandi, zenyewe, zimebaki na kalenda ya zamani. Lakini jihadari na mwezi wa tano: tarehe 1 na tarehe 8 ni sikukuu Ufaransa, na siku ya Kupaa kwa Bwana mara nyingi inaangukia mwezi huo huo. Wafransa wengi wanaunganisha sikukuu hizo na mwisho wa juma, na mistari inarefuka. Chagua siku ya kazi iliyo mbali nazo.

Kuna pia tarehe 27 mwezi wa kenda. Ni sikukuu ya jumuia ya Wabelgiji wa lugha ya Kifaransa, na shule zao zinafungwa. Ufaransa siku hiyo watu wanafanya kazi na watoto wanasoma. Ikiangukia siku ya kazi, ni siku nzuri. Vilevile, siku ambayo waalimu wa shule yenu wako katika mafunzo na wanafunzi wanabaki nyumbani inaweza kutosha kwa safari fupi. Kumtoa mtoto darasani kwa ajili ya kutembea si sababu inayokubaliwa na shule, wala hakuna lazima ya kufika huko.

Siku gani katika juma?

Kwa kawaida Jumanne na Alhamisi ndizo nyepesi. Jumatano watoto wengi wa shule za msingi Ufaransa hawana masomo, hasa mchana. Jumamosi na Jumapili ni za kuepuka ukiweza. Katika mwaka, nyakati za utulivu ni hizi: baada ya tarehe 6 mwezi wa kwanza mpaka mbele ya likizo za baridi, siku za kazi za mwezi wa kenda, na katikati ya mwezi wa kumi na moja, ukitoa tarehe 11 ambayo ni sikukuu Ufaransa na Ubelgiji. Nyakati nzito ni Noeli mpaka Bonane, likizo za Watakatifu Wote ambapo Halloween inavuta watu, na mwezi wa saba na wa nane.

Lakini utulivu nao una bei yake. Mwezi wa kwanza, parki inafunga mapema, na michezo mingi inafungwa kwa kutengenezwa. Mbele ya kulipa, angalia orodha ya michezo iliyofungwa kwenye ukurasa wa parki yenyewe. Si vizuri mtoto angojee mchezo mmoja mwaka muzima, kisha akute mbao na kamba mlangoni.

Mvua ya Paris si ya Bukavu

Kwetu tunajua: kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane ni kiangazi, kisha mvua inarudi. Paris haina kiangazi cha namna hiyo. Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, mara nyingi nyepesi na ya kurudia-rudia. Waliojenga Disneyland Paris walijua hivyo: pande zote mbili za barabara kuu ya kuingilia waliweka njia zenye kufunikwa, na mtu anaweza kufika karibu na ngome bila kulowa.

Jifunze kutofautisha michezo ya ndani na ya nje. Pirates of the Caribbean, Phantom Manor, Peter Pan's Flight, "it's a small world" na Buzz Lightyear ni ya ndani. Big Thunder Mountain na Indiana Jones iko nje. Radi ao upepo mkali ukija, michezo ya nje inasimamishwa, na watu wote wanakimbilia ile ya ndani kwa mara moja. Kwa hiyo ukiona mawingu meusi asubuhi, panda ya nje kwanza na uache ya ndani kwa saa za mvua. Mvua nyepesi, yenyewe, ni rafiki: wengi wanarudi hoteli, na waliovaa koti la mvua wanabaki na mistari mifupi. Leta koti, si mwavuli, maana katika mstari mwavuli unachoma jirani. Ongeza soksi za kubadilisha kwa kila mtoto.

Mwezi wa kwanza baridi inakuwa kati ya nyuzi 3 na 7 hivi. Mtu wa Kibumba ao wa Minembwe atasema amezoea baridi, lakini kusimama saa nzima bila kutembea ni jambo lingine. Kinyume chake, wakati wa joto jua linaweza kuchoma: tarehe 25 mwezi wa saba 2019 Paris ilifika nyuzi 42,6. Siku kama hiyo, mtoto mdogo na tate aliyekuja kutembelea wajukuu wanapaswa kupumzika ndani kuanzia saa sita mpaka saa kumi, na chupa ya maji isikose.

Mwangaza pia unabadilika. Kwetu jua linachomoka na kuzama karibu saa zile zile mwaka muzima. Paris, mwezi wa sita jua linazama karibu saa ine ya usiku. Mwezi wa kumi na mbili linazama karibu saa kumi na moja ya jioni. Safari ya mwezi wa sita inakupa siku ndefu karibu mara mbili.

Siku yenyewe

Fika mbele mlango haujafunguliwa. Saa ya kwanza ina faida kuliko saa tatu za mchana. Wanaolala katika hoteli za parki wanaingia mapema kuliko wengine, kwa hiyo usishangae ukikuta watu ndani. Programu ya simu ya parki inaonyesha dakika za kungojea kwa kila mchezo. Iangalie mbele ya kutembea, si baada ya kufika. Kula saa tano na nusu ao saa nane, wakati wengine hawajaanza ao wamemaliza.

Pima watoto nyumbani. Big Thunder Mountain inaomba urefu wa metre 1,02, Hyperspace Mountain metre 1,20, na Indiana Jones metre 1,40. Mwambie mtoto ukweli mbele ya safari, asilie mlangoni baada ya dakika arobaini za mstari. Kwa wenye mtoto mchanga, omba Baby Switch: mzazi mmoja anapanda huku mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kuanza mstari upya.

Kuna pia Premier Access, tiketi ya kulipa ili kupita mstari mfupi. Bei yake inabadilika kwa siku na inalipwa kwa kila mtu. Zidisha kwa idadi ya watu wenu mbele ya kubonyeza. Ukichagua tarehe nzuri, mara nyingi hautaihitaji.

Njia na karatasi

Kutoka Paris, RER A inafika mpaka Marne-la-Vallée-Chessy, mwisho wa reli, karibu dakika arobaini, na mlango wa parki uko hatua chache tu. Treni za kasi zinasimama kwenye gare hiyo hiyo. Tiketi za treni zinapanda bei kadiri siku inavyokaribia, basi chagua tarehe mapema.

Wanaotoka Ubelgiji wasisahau karatasi. Ufaransa ilirudisha ukaguzi wa mipaka mwaka wa 2015. Mwenye kadi ya kukaa yenye nguvu ana ruhusa ya kutembea, lakini anayengojea jibu la ombi lake la ukimbizi hana haki ya kuvuka kwa karatasi ya kungojea. Kwa jamaa kama hiyo, Walibi, pale Wavre, iko ndani ya inchi na treni inafika karibu. Inafungwa wakati wa baridi.

Na kwa ndugu wanaoalikwa kutoka Kongo: ombi la visa ya Schengen ni Euro 90 kwa mtu mkubwa na Euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11, na feza hizo hazirudishwe hata jibu likiwa hapana. Usinunue tiketi ya parki kwa ajili ya mtu ambaye visa yake haijatoka. Na kwa tiketi yoyote, soma sharti za kubadilisha tarehe mbele ya kulipa.

Wakati wa kuandaa, kaeni pamoja mezani na kila mtoto achague mchezo mmoja ambao hautakosa. Kwa jamaa ya watu tano hiyo ni michezo mitatu ao mine, na inatosha kuwa shabaha ya asubuhi. Itakayofuata mchana ni zawadi. Hivyo, hata mvua ikija saa nane, hakuna mtoto atakayerudi nyumbani akisema safari ilikuwa ya bure.