Mvulana aliyemtoa malkia wake kafara

JE, mtoto wa miaka 13 anaweza kumtoa jasho bingwa aliyemzidi umri mara dufu? Huenda ukacheka, mpenzi msomaji. Lakini hayo yalitokea Oktoba 17, 1956, katika klabu ya Marshall jijini New York, Marekani.

Mvulana huyo alikuwa Bobby Fischer, aliyejifunza sataranji pamoja na dadake akiwa na umri wa miaka 6. Mpinzani wake, Donald Byrne, alikuwa na miaka 26 na alikuwa ameshinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1953.

Fischer, akiwa na kete nyeusi, alitumia ufunguzi uitwao Grünfeld, jina la Ernst Grünfeld wa Vienna aliyeuzindua mwaka 1922. Katika ufunguzi huu, mweusi humwachia mpinzani uwanja wa kati, kisha huushambulia. Ni kama kumkaribisha mgeni kitini huku ukijua mguu mmoja umelegea!

Byrne alikikalia. Katika hatua ya 11, badala ya kuandaa njia ya kumficha mfalme pembeni, alimsogeza tena askofu aliyekwisha kumtoa. Papo hapo Fischer akapeleka farasi ukingoni mwa ubao, mahali angeweza kuliwa. Kumbe ni chambo! Byrne angemla, malkia wake angevamiwa.

Kioja chenyewe kilikuja hatua ya 17. Malkia wa Fischer alikuwa hatarini, lakini kijana hakumkimbiza. Alisogeza askofu, akamwacha malkia aliwe. Kisha akamtishia mfalme wa Byrne mara tano mfululizo, akizoa kete njiani. Hesabu ilipofanywa, kwa malkia mmoja Fischer alikuwa amepata ngome, maaskofu wawili na askari mmoja.

Byrne hakuondoka mezani. Alicheza hadi mfalme wake akanaswa hatua ya 41. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mwandishi Hans Kmoch aliuita mchezo huo kuwa wa karne. Hata hivyo, Fischer hakushinda mashindano yale. Mshindi alikuwa Samuel Reshevsky. Ilimbidi asubiri hadi 1972 kuwa bingwa wa dunia.

Basi mzazi, mwanao akiinamia ubao kimya jioni ya leo, usiharakishe kumwita mvivu. Pengine anapiga hesabu ya hatua ya 17.