Fahamu: Jinsi kifungo cha vita kinavyowafikia watoto

Kila Urusi na Ukraine zinapobadilishana wafungwa wa vita, tunaona askari waliokonda wakiwapigia simu mama zao. Yanayofuata nyumbani hayapigwi picha.

Marekani ina ushahidi wa muda mrefu wa hayo yanayofuata. Wakati wa vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, mpango wa kubadilishana wafungwa ulikwama na kambi zikafurika. Kambi ya Andersonville, Georgia, ilipokea askari 45,000 hivi wa jeshi la Kaskazini kuanzia Februari 1864. Walishinda juani bila paa, wakila unga wa mahindi uliosagwa na magunzi yake, wakinywa maji ya kijito kilekile kilichokuwa choo chao. Karibu 13,000 walikufa.

Walionusurika walirudi, wakazaa. Mwaka 2018 mwanauchumi Dora Costa na wenzake walionyesha kwamba wana wa kiume wa wafungwa wa kipindi kile kibaya ambapo mabadilishano yalikwama, waliozaliwa baada ya vita, wakishavuka miaka 45 walikufa mapema kuliko wana wa askari wasiofungwa. Hata ndani ya familia moja, kaka aliyezaliwa kabla ya vita alikuwa na nafuu kuliko mdogo wake, kwa hiyo umaskini pekee hautoshi kuwa jibu. Mabinti hawakuonyesha athari hiyo. Na la kutia moyo sana: mama alipopata lishe ya kutosha akiwa mjamzito, athari hiyo haikuonekana hata kwa wavulana.