Mganga Hajigangi: Ujenzi wa Mhusika wa Kila Uganga katika Mchezo wa Kuigiza Mezani

Utangulizi

Kwenye nguzo za umeme katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, hubandikwa matangazo ya waganga. Mganga mmoja hudai kwamba humrudisha mpenzi aliyetoroka, humshindia mtu kesi, hufukuza majini, hufichua wezi na huvuta wateja dukani. Kwa ufupi, hakuna fani ya uganga asiyoimudu. Wapita njia wengi hulisoma tangazo hilo, wakatabasamu, wakaendelea na safari yao. Hapa pana swali la kifasihi: kwa nini mhusika mwenye kila uwezo ni vigumu kusadikika?

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuuangalia mchezo wa kuigiza mezani, ambamo wachezaji wengi hutamani kumjenga mhusika wa namna hiyo hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba mhusika wa kila uganga hujengwa kwanza kwa gharama na miiko yake, ndipo uwezo wake ufuate. Na kwamba fasihi simulizi ya Afrika Mashariki ililijua jambo hili kabla mchezo wenyewe haujabuniwa.

Mchezo wenyewe

Mchezo huu ulianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Watu wachache huketi mezani. Mmoja wao huwa msimulizi, naye hueleza mahali, hatari na wahusika wadogo. Kila mmoja wa waliosalia humiliki mhusika wake, akanena na kutenda kwa niaba yake. Tendo lenye shaka huamuliwa kwa kete yenye nyuso 20. Asiye na kete hiyo anaweza kutia nambari kwenye vikaratasi 20 na kuvichanganya mkebeni. Sifa za mhusika, kama vile nguvu, wepesi, akili na busara, huandikwa kwenye karatasi.

Aliyekulia penye ngano hataona ugeni mkubwa hapa. Tofauti ni kwamba hadhira, ambayo kwa mtambaji huitikia na kuimba, hapa huwaendesha mashujaa wenyewe.

Suala la msamiati

Kanuni za mchezo huo huzigawa nguvu za ajabu katika fani 8. Mtafsiri mwenye haraka angeziita zote uchawi, na mtendaji wake mchawi. Hilo lingekuwa kosa, kwa kuwa Kiswahili kina hazina pana zaidi. Fani ya kinga ina kago, zindiko na hirizi. Fani ya kujua yaliyofichika ina ramli na uaguzi. Kuteka moyo wa mtu kuna limbwata. Kudanganya macho kuna kiinimacho na mazingaombwe. Mambo ya wafu yana mizimu na misukule. Zipo pia fani za kuita majini, za kugeuza maumbo na za kurusha moto na radi.

Tofauti hizi si pambo la lugha. Mchawi ni mdhuru, ilhali mganga ni mponyaji. Lugha nyingine zinazosikika Eastlands hutenganisha vivyo hivyo: Wakamba wana mundu mue na muoi, nao Wajaluo wana ajuoga na jajuok. Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu wapatao 11 waliuawa kwa kuchomwa moto baada ya kuitwa wachawi. Neno lililoweza kufanya hivyo halifai kutupwa mezani ovyo. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano zimetolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuzitafsiri, mradi ataje chanzo. Atakayezitafsiri kwa Kiswahili atawajibika kuchagua kati ya maneno haya mawili.

Gharama ya kumiliki vyote

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Toleo la tatu la mchezo, lililotoka mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2003, liliigeuza hekima kama hiyo kuwa hesabu. Mganga msomi aliyetaka kubobea katika fani moja alilazimika, kwa kawaida, kuziacha fani nyingine mbili. Aliyetaka kuunganisha uganga wa vitabu na ule wa sala aliruhusiwa, lakini alilipa. Akipanda ngazi 3 za usomi na ngazi 3 za ukuhani, hufika ngazi ya 6 akiwa na maguezi ya daraja la pili tu katika kila upande. Mwenzake aliyeshika usomi peke yake huwa tayari yuko daraja la tatu. Baada ya hapo ipo njia ya ngazi 10 inayokuza pande zote mbili kwa pamoja, ila pengo lile la ngazi 3 haliondoki.

Fasihi simulizi haikutumia hesabu, bali ilitumia udhaifu na adhabu. Lwanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe, lakini uhai wake ulikuwa kivulini. Fumo Liyongo hakuweza kuuawa isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Mfano ulio karibu zaidi na mada hii ni Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa mashariki mwa Kongo, ambaye tangu kuzaliwa alitembea na kunena, na ambaye usinga wake ulitenda karibu kila ajabu. Alipoliua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, mwenye radi, alichukuliwa hadi mbinguni, akateswa na mvua, jua, mwezi na nyota, kisha akarudishwa na mwiko wa kutoua wanyama. Aliyeweza yote alifunzwa kwamba haruhusiwi yote.

Mfano wa ujenzi

Ichukuliwe kwamba mchezaji anambuni msichana wa Kaloleni, aitwaye Syombua. Baba yake, mzaliwa wa Lamu, alimwachia vitabu vya falaki. Bibi yake wa Kitui alimrithisha kibuyu cha uaguzi. Mama yake humpeleka kanisani, nako amejaliwa sala ya uponyaji. Mtaa uliokusanya watu wa kila pembe ya nchi tangu miaka ya 1940 unamfanya mhusika huyu aaminike.

Ujenzi usiishie hapo. Kila chanzo kipewe mwiko, na miiko igongane. Falaki yataka nyota, nazo taa za mtaani huzififisha. Kibuyu hakikubali malipo kabla mgonjwa hajapona, ilhali kodi ya nyumba haingoji. Akipiga ramli Jumamosi usiku, sala yake ya Jumapili hupungua nguvu. Sasa Syombua ana kila uganga, lakini kila anapotumia mmoja hana budi kuchagua atakachopoteza. Katika uchaguzi huo ndimo mhusika huzaliwa.

Imebaki hatari moja. Mhusika anayeweza yote huwafanya wenzake mezani wakae bure: hakuna kufuli linalomhitaji fundi, wala adui anayemhitaji askari. Methali moja ya Kiswahili inatoa kanuni ya kutosha: mganga hajigangi. Iandikwe kwenye karatasi ya Syombua kwamba uganga wake wowote haufanyi kazi juu ya mwili wake. Akijeruhiwa, sharti wenzake wambebe.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uwezo pekee haumjengi mhusika, uwe wa fani moja au wa fani 8. Mganga wa kwenye nguzo ya umeme hutangaza anachoweza, lakini hasemi kinamgharimu nini wala nani humganga yeye. Mchezaji wa Eastlands anayekaa kumjenga mhusika wake na aanze kwa maswali hayo mawili.